Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya silikoni, kuanzia boneti ya gari hadi karai la chipsi

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini karibu zote zinahusu kitu kimoja: mafuta ya silikoni, ama yakiwa safi, ama yakiwa yamechanganywa na maji hadi yakawa meupe kama maziwa. Tumeamua kuzijibu kwa pamoja.

Rangi yangu inafanya vishimo

*Mimi ni fundi wa kupuliza rangi za magari, Mombasa, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 12. Tangu mwezi uliopita, kila nikipuliza koti ya mwisho, rangi inajitenga na kufanya vishimo vidogo vya mviringo, na katikati ya kila kishimo praima, yaani rangi ya chini, inaonekana. Nimebadilisha thina mara mbili na nimegombana na muuza rangi, lakini hali ni ileile. Karakana ya jirani inaosha magari na kung'arisha dashibodi na matairi. Je, kuna uhusiano?*

Ndugu fundi, uhusiano upo, na huenda ukalazimika kumwomba radhi muuza rangi. Vishimo hivyo mafundi wengi huviita macho ya samaki, na mshukiwa wa kwanza kila vinapotokea ni mafuta ya silikoni. Dawa nyingi za kung'arisha matairi na dashibodi zimetengenezwa kwa mafuta hayo. Jirani yako anapobonyeza kopo, si matone yote yanayofika kwenye dashibodi. Mengine huelea hewani, upepo huyachukua, nayo hutua juu ya boneti ambayo umetoka kuipiga msasa. Tofauti na petroli au thina, mafuta haya hayaruki hewani yakaisha. Yanakaa hapohapo, membamba kiasi kwamba jicho haliyaoni, yakikungojea.

Kila kimiminika kina nguvu inayokivuta uso wake ujikusanye, na ndiyo inayofanya tone la maji kuwa duara. Kwa maji, kipimo cha nguvu hiyo ni takriban milinyutoni 72 kwa mita. Kwa mafuta ya silikoni ni 21 hivi, chini kuliko rangi yoyote utakayoitia kwenye bunduki yako. Mahali palipo na chembe ya mafuta hayo, rangi ya pembeni yenye mvuto mkubwa huivuta ile ya katikati, nayo hukimbia pande zote mpaka praima inabaki uchi. Kwa hiyo kubadilisha thina hakukusaidia, kwa sababu kasoro haimo ndani ya rangi, imo chini yake.

Makosa mawili hufanyika sana hapa. La kwanza ni kupiga msasa kabla ya kusafisha, jambo linaloyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo ambamo kitambaa hakiyafikii. La pili ni kufuta kwa spiriti ya alkoholi, ilhali mafuta ya silikoni ya kawaida hayayeyuki katika spiriti; unachofanya ni kuyatandaza kutoka kona moja ya boneti hadi nyingine. Anza na dawa ya kuondoa nta na grisi ya jamii ya petroli, utumie vitambaa viwili, kimoja kilicholowa cha kufutia na kingine kikavu cha kukusanyia kabla haijakauka, na uvigeuze mara kwa mara. Kitambaa kilichofuta gari la jana kitupwe. Hapo ndipo upige msasa, kisha usafishe tena. Angalia pia mpira wa kompresa na glavu zako, na umwombe jirani apulizie dawa yake kwenye sponji badala ya hewani.

Utauziwa vilevile kichupa cha matone ya kuondoa macho ya samaki. Yanafanya kazi, lakini elewa unachokinunua: mara nyingi ni silikoni ileile, unayoitia ndani ya rangi ili mvuto wake ushuke ulingane na wa uchafu ulio chini. Gari moja litapona, lakini bunduki, mpira na hewa ya karakana vitakuwa vimepata dozi mpya. Binafsi ningekitumia siku ambayo mwenye gari amesimama mlangoni na sina njia nyingine, si kila siku.

Je, ni silikoni ile ya kompyuta?

*Nafundisha kemia sekondari, Dodoma. Wanafunzi wananiuliza kama silikoni ya simu na kompyuta ndiyo hiyohiyo ya mafuta, nami nimekuwa nikijibu kwa kubabaisha.*

Mwalimu, lugha yetu imetuonea kidogo kwa kuviita vyote viwili silikoni. Ile ya kompyuta ni elementi yenyewe, namba 14 katika jedwali, kitu kigumu chenye rangi ya kijivu inayong'aa. Hii ya mafuta ni mnyororo mrefu ambamo atomi za silikoni na za oksijeni zinapokezana, huku kila atomi ya silikoni ikiwa imebeba vikundi viwili vya methili pembeni, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu kila kimoja. Uti wa mgongo wake unafanana na wa mchanga na kioo, ndiyo maana unastahimili joto. Ngozi yake ya nje inafanana na ya mafuta ya petroli, ndiyo maana inayakataa maji. Mnyororo wenyewe unapindika kwa urahisi, na methili hizo hazishikani sana na chochote kilicho jirani. Karibu kila jambo linaloulizwa katika barua hizi limetokana na sentensi hizo mbili tatu.

Jina hilo lilitolewa na Frederic Kipping, aliyekuwa akifundisha Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita, akidhani kwamba alichokipata kinafanana na zile kemikali zinazoitwa ketoni. Hazifanani, lakini jina likabaki. Kipping mwenyewe, baada ya miaka mingi ya utafiti, hakuona kwamba vitu hivyo vingekuwa na faida kubwa. Mlango wa viwanda ulifunguliwa mwaka 1940, Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric, Marekani, alipogundua kwamba gesi ya methili kloraidi ikipitishwa juu ya unga wa silikoni uliochanganywa na shaba, kwa joto la nyuzi 300 hivi, hutoa moja kwa moja malighafi inayohitajika. Richard Müller alifikia jambo hilohilo Ujerumani bila wao kushauriana, na ndiyo sababu njia hiyo inaitwa kwa majina yao wote wawili. Malighafi hiyo ikikutana na maji, klorini huondoka, na minyororo huanza kujijenga. Mfupi hutoa mafuta mepesi kuliko maji ya kunywa. Mrefu hutoa mafuta mazito ambayo ukiinamisha chupa utakwenda kunywa chai na kurudi kabla hayajafika mdomoni. Bei na matumizi hupangwa kwa mnato huo, unaopimwa kwa sentistoki. Maji ni 1. Mafuta ya silikoni huuzwa kuanzia chini ya 1 hadi zaidi ya milioni moja.

Kilainishi kimekatika ndani ya mashine

*Nafanya kazi sehemu ya kumalizia vitambaa katika kiwanda cha nguo, Morogoro. Tunatumia kilainishi cha silikoni cheupe. Wiki mbili sasa, baada ya saa moja ya kazi, yanatokea madoa kama ya mafuta ya kula kwenye kitambaa, na rola zinanata. Msimamizi anasema tumeuziwa dawa mbovu. Dawa hiyohiyo ikiwa kwenye pipa inaonekana nzuri kabisa.*

Dada, maneno yako ya mwisho ndiyo ufunguo. Dawa nzuri kwenye pipa na mbaya kwenye mashine maana yake imekutana na adui njiani.

Fikiria tui la nazi. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyosambaa ndani ya maji, na protini ya nazi ndiyo inayoyazuia yasikutane. Ukilibandika jikoni bila kukoroga, au ukaligusanisha mapema na ndimu, linakatika: mafuta juu, mabonge chini. Kilainishi chenu ni emulsheni ya namna hiyo, isipokuwa badala ya protini ya nazi kuna dawa za jamii ya sabuni zinazoyafunika matone ya silikoni. Matone yakiwa makubwa kidogo, emulsheni huwa nyeupe pe. Yakiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), huwa karibu angavu, kwa sababu yamekuwa madogo mno kuutawanya mwanga.

Vilainishi vingi vya pamba vinatengenezwa kwa silikoni iliyopandikizwa vikundi vya amino, yaani vyenye nitrojeni. Katika maji yenye uchachu kidogo, vikundi hivyo hupata chaji chanya. Pamba ndani ya maji ina chaji hasi, na hivyo silikoni hukimbilia kwenye uzi na kushika, ikipunguza msuguano kati ya uzi na uzi, jambo ambalo mkono wa mnunuzi hulitambua kuwa ni ulaini. Sasa kitambaa kikitoka kwenye rangi au kwenye magadi bila kusuuzwa vya kutosha, kinaingia na magadi yake. Mita za kwanza hazidhuru. Lakini kitambaa kinaendelea kuleta magadi kidogo kidogo, uchachu wa beseni unapungua, amino zinapoteza chaji, matone yanaanza kushikana, na baada ya saa moja, kama ulivyosema, tui limekatika. Mafuta yanayojitenga hupanda kwenye rola kwanza, kisha yanadondoka juu ya kitambaa.

Niliwahi kuona mkasa wa namna hii katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, ambapo tulimrudishia muuzaji mapipa mawili kabla ya kijana mmoja wa zamu ya usiku kuchovya karatasi ya kupimia pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) kwenye beseni na kukuta 9. Asubuhi ya siku hiyo, tulipoanza kazi, ilikuwa 5. Pipa lilikuwa zima.

Pimeni basi, si beseni peke yake, bali na maji yanayokamuliwa kutoka kwenye kitambaa kabla hakijaingia. Beseni likae kati ya 4.5 na 6, mkilirekebisha kwa asidi ya siki iliyozimuliwa. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi nayo hukata emulsheni, na sabuni yenye chaji hasi iliyobaki kutoka kwenye ufuaji ni mbaya kuliko yote, maana chaji mbili zinazokinzana hukumbatiana na kuanguka. Mnapozimua, tieni maji ndani ya emulsheni kwa awamu mkikoroga polepole, si kuimwaga emulsheni kwa kishindo kwenye tangi la maji ya moto. Iliyozimuliwa isilale hadi kesho yake; bakteria hupenda maji hayo.

Neno moja zaidi ambalo hukuuliza. Kama kitambaa ni cha taulo, punguzeni dozi au mtafute kilainishi cha aina inayopenda maji, kwani silikoni ya kawaida huifanya taulo iwe laini kama pamba ya mto na wakati huohuo ikatae kumkausha mtu. Na kwenye vitambaa vyeupe, amino nyingi huleta unjano zikipita kwenye joto la kikaushio.

E900 kwenye mafuta ya kupikia

*Ninauza chipsi Dar es Salaam. Mwanangu amesoma kwenye dumu la mafuta "E900" akaniambia ni silikoni, ile ya kuzibia madirisha. Nawalisha watu nini?*

Mama, mwanao amesoma vizuri ila amevuka mpaka kidogo. E900 ni mafuta ya silikoni ya daraja la chakula, siyo gundi ya madirisha, ingawa ni ndugu. Kazi yake ni kuzuia povu. Viazi vikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yake hugeuka mvuke, na mafuta yaliyokwisha kutumika mara kadhaa hushika mvuke huo na kupanda kama maziwa yanayofurika. Silikoni haiyeyuki katika mafuta ya kupikia, hivyo hukimbilia juu, hujipenyeza kwenye ukuta wa povu na kuupasua. Kiasi kinachoruhusiwa na Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 10 tu kwa kila kilo ya mafuta. Mwilini haimeng'enywi wala haifyonzwi kwa kiasi cha kutajika, inapita. Na dawa ya gesi tumboni iitwayo simethikoni, ambayo wazazi huwapa watoto wachanga, inatokana na kitu hichohicho.

Jambo ambalo ningelichunga ni jingine. Zamani povu lilikuwa linamwambia mpishi kwamba mafuta yamechoka. Mafuta yenye E900 hukaa kimya. Kwa hiyo angalia rangi, harufu, unato wake kwenye ukingo wa karai, na moshi unaotoka mapema, kisha uyamwage kwa dalili hizo.

Viwandani kazi hii ya kuua povu ni kubwa: matangi ya kuchachushia, mitambo ya karatasi, maji taka, rangi za nyumba. Huko mafuta huchanganywa na chembe laini za silika (kitu kilichomo kwenye mchanga) zinazokataa maji, ambazo hutoboa ukuta wa povu kama miiba, na mchanganyiko huo hutiwa katika emulsheni ili usambae ndani ya maji. Ukizidisha, ziada hujitenga na kuelea kama doa la mafuta, na hapo kwenye karatasi au rangi tunarudi kwenye vishimo vya fundi wetu wa Mombasa.

Klachi ya feni, na mafuta ya breki

*Fundi makenika, Arusha. Kwa nini klachi ya feni ya magari ya safari inajazwa silikoni? Nikitia oili ya injini haisaidii? Na je, mafuta ya breki ya DOT 5 ni bora kuliko ya DOT 4?*

Oili ya injini haitasaidia. Ndani ya klachi hiyo kuna sahani zenye mifereji zisizogusana, na mafuta mazito yaliyo kati yake ndiyo yanayobeba nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hewa ya rejeta ikiwa ya moto, springi ndogo ya metali mbili iliyo mbele hufungua kilango, mafuta huingia, na feni hushika kasi. Mambo yote hayo yanatokea kwenye joto, kwa hiyo mafuta yanayokuwa mepesi mno yakipata moto hayafai. Mafuta ya silikoni yakitoka nyuzi 38 hadi 99 hupoteza takriban asilimia 60 ya mnato wake. Oili ya kawaida ya injini ya namba 30 hupoteza karibu asilimia 90. Ukiona michirizi ya mafuta imetawanyika kutoka katikati ya feni kama miale ya jua, na feni inazunguka bila kizuizi injini ikiwa ya moto, mafuta yameisha. Tia mnato uleule uliotajwa na mtengenezaji. Lakini usidhani kwamba kwa uimara huo yatafaa kila mahali: kati ya chuma na chuma chini ya mzigo mkubwa, silikoni ni mlainishi dhaifu, na mpira wa silikoni wenyewe ukipakwa mafuta ya silikoni huvimba.

Kuhusu breki, DOT 5 ni silikoni, hainyonyi unyevu, na haiharibu rangi ya gari. Lakini haichanganyiki na DOT 3 wala 4, maji yakiingia hukaa pembeni kama tone peke yake, na haifai kwenye mifumo mingi ya ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge. Jihadhari na namba, kwani DOT 5.1 si silikoni. Ni ya jamii moja na DOT 4. Nukta hiyo moja imewaponza wengi.

Dawa haishiki kwenye kabichi

*Mkulima, Lushoto. Nikipulizia dawa, inabingirika kwenye majani na kuanguka. Nimeambiwa kuna kichupa cha silikoni cha kuchanganya.*

Kipo. Hiyo ni silikoni ya mnyororo mfupi sana, yenye mkia unaopenda maji, na kiasi cha mililita 1 kwa lita moja ya maji, au pungufu yake, hutosha kulifanya tone litandae kwenye jani lenye nta. Usizidishe ukidhani utapata nguvu zaidi, maana dawa itatandaa mpaka ichuruzike yote ardhini. Mchanganyiko utumike siku hiyohiyo, kwa kuwa mnyororo wa silikoni hukatika upesi maji yakiwa na magadi au uchachu mwingi. Pia usipulizie wakati nyuki wako kazini. Maji yanayotandaa kwenye nta ya jani hutandaa na kwenye mwili wa mdudu.

Mteja wa Ulaya amekataa shampuu yangu

*Natengeneza bidhaa za nywele Nairobi. Mnunuzi amerudisha sampuli akisema ina D4 na D5. Mimi nimetumia emulsheni ya silikoni tu.*

D4 na D5 ni silikoni zilizojifunga kama pete badala ya mnyororo. Ndizo malighafi ya mafuta mengi ya silikoni, na masalio yake hubaki ndani ya emulsheni iliyotengenezwa kwa bei rahisi. Tangu tarehe 31 Januari 2020, Umoja wa Ulaya hauruhusu bidhaa za vipodozi za kusuuza zenye asilimia 0.1 au zaidi ya mojawapo ya hizo, kwa sababu hudumu sana katika mazingira na hujilimbikiza katika viumbe. Hukosei kuendelea kutumia silikoni, ila mdai muuzaji wako cheti cha vipimo kinachotaja masalio hayo kwa tarakimu, siyo barua inayosema "salama". Minyororo mirefu ina tabia tofauti: haiyeyuki majini, hushikamana na tope la maji taka, na ikifika kwenye udongo unaokauka, udongo wa mfinyanzi huikatakata taratibu hadi hatimaye inabaki silika, maji na kabonidayoksaidi.

Limemwagika sakafuni

*Stoo ya viwanda, Tanga. Dumu la mafuta ya silikoni limepasuka kwenye vigae. Tumemwaga maji na sabuni, sasa ni kama barafu.*

Acheni maji. Fungeni njia kwanza, mwageni vumbi la mbao au mchanga mkavu, mlisage kwa ufagio, mzoe, na mrudie hadi liache kuwa na rangi ya kulowa. Kisha futeni kwa thina ya jamii ya petroli, milango ikiwa wazi na bila moto karibu, mbadilishe vitambaa, na sabuni iwe ya mwisho. Kabla ya kufungua njia, mkague soli za viatu vya kila aliyepita hapo tangu asubuhi.